Marudio ya kupisha siku: kadi za kujifunzia Kijapani

Anayejifunza Kijapani hakawii kusikia neno Anki. Ni programu ya kadi iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006, na jina lake lenyewe ni neno la Kijapani, 暗記, yaani kukariri. Kwetu kukariri kuna sifa mbaya, kama kazi ya kasuku. Lakini kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, zinazotakiwa kwa matumizi ya kawaida Japani ni 2,136, na sioni namna ya kuzipata bila kukariri. Swali ni ukariri vipi.

Kadi ina pande mbili: mbele swali, nyuma jibu. Unaangalia 食べる, unajaribu kukumbuka kwamba ni taberu, kula, ndipo unageuza. Ukipatia, kadi inakwenda zake na kurudi baada ya siku nyingi kuliko mara iliyopita. Ukikosea, unaanza nayo upya. Hayo ndiyo marudio ya kupisha siku, na uzito uko kwenye kupisha kuliko kwenye kurudia. Kusoma neno mara kumi usiku mmoja nako ni kurudia, ila wiki ijayo halipo.

Kanuni ambayo Anki ilianza nayo ilitokana na SM-2, kazi ya Piotr Woźniak wa Poland ya mwaka 1987. Humo kadi hurudi baada ya siku 1, kisha siku 6, halafu kila nafasi huzidishwa kwa kama 2.5: siku 15, 38, 94. Jumlisha: miezi mitano imepita na neno umelidurusu mara tano tu. Kabla ya kompyuta, Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 njia ya visanduku: kadi uliyoipatia inahamia kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, uliyoikosa inarudi cha kwanza. Maboksi ya viatu yanatosha kabisa.

Kwa nini kungoja kusaidie? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Jambo lililokaribia kutoweka, ukilivuta kwa taabu likaja, hukaa zaidi kuliko lililokuwa bado bichi kichwani.

Sasa, kadi haifundishi. Inatunza ulichokwisha kuelewa. Chukua 生: hutamkwa nama kwenye bia ya pipa (生ビール), sei kwenye mwanafunzi (学生), shō kwenye maisha yote (一生), i kwenye kuishi (生きる), u kwenye kuzaliwa (生まれる). Anayeandika matamshi yote hayo nyuma ya kadi moja anajitafutia balaa. Hata akikumbuka matatu, hajui ajihesabu amepatia au amekosa. Kadi moja, neno moja, na ikiwezekana ndani ya sentensi fupi.

Balaa la pili ni deni. Kadi mpya 20 kwa siku zinaonekana chache, lakini baada ya miezi michache marudio ya siku moja yanaweza kufika 200. Ukiugua wiki moja, kadi hazikungoji, zinarundikana. Mimi naona 10 zinatosha kwa mtu mwenye kazi, na siku ya deni kubwa usiongeze mpya hata moja.

Zipo pia kadi zinazokataa kuingia. Ukiikosa kadi iliyokwisha kukaa mara nane, Anki huipa jina la ruba, kwa kuwa inakunyonya muda, na inaweza kuisimamisha. Usiirudishe ilivyo. Ruba wangu alikuwa 持, kushika, niliyoichanganya kila mara na 待, kungoja; zinapishana upande wa kushoto tu. Dawa yake ilikuwa sentensi moja, 駅で友達を待つ, ninamngoja rafiki stesheni. Ile ya kushika nikaifuta, nikaiandika upya mwezi uliofuata.