Je, wajua kwa nini bahari haikauki kila mara kabla ya tsunami?

Ukiuliza ufukweni Bagamoyo mtu atajuaje kuwa tsunami inakuja, jibu utakalopewa ni kwamba maji yatakauka ghafla, samaki watabaki mchangani, hapo ndipo ukimbie. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa inaweza kuua.

Lilienea baada ya 26 Desemba 2004, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, lilipozusha mawimbi yaliyoua watu wapatao 230,000. Picha za Thailand zilionyesha bahari ikirudi nyuma kwanza. Lakini Sri Lanka, upande wa pili wa kitovu cha tetemeko, maji yalianza kwa kupanda.

Sababu iko kwenye sakafu ya bahari. Chukua mkeka, ukandamize ukingo wake kwa kiganja huku ukiusukuma nyuma. Ukingo unabanwa chini, na sehemu iliyo nyuma yake inavimba. Achia: ukingo unaruka juu, uvimbe unaporomoka. Gamba la dunia magharibi mwa Sumatra lilibanwa hivyo kwa miaka mingi, kisha likaachia kwa dakika chache. Ukingo ulioinuka ulikuwa upande wa magharibi, ukayainua maji yaliyokuwa juu yake. Uvimbe ulioporomoka ulikuwa mashariki, ukayashusha. Thailand ikapokea bonde la wimbi, Sri Lanka ikapokea mgongo wake.

Sisi tuko magharibi. Tetemeko la aina ile likirudi pale pale, tutarajie maji kupanda kwanza. Chanzo kikiwa kwingine, mpangilio unaweza kugeuka.

Halafu bahari ya Bagamoyo hukauka yenyewe mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua ngalawa hulala ubavu kwenye mchanga, na watu hutembea mbali kutafuta pweza. Nani atashtuka? Cha kutazama ni mwendo: maji kupwa huchukua saa sita hivi, tsunami huyavuta kwa dakika.

Katika kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na kitovu, kulikuwa na watu wapatao 78,000, wakafa 7. Wazee walikuwa wamewasimulia wajukuu habari za wimbi la 1907, kwamba ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Misaada ya mabilioni ya dola ilikuja baadaye; kilichowaokoa asubuhi ile ni simulizi. Ila simulizi hiyo haihamishiki hapa jinsi ilivyo, kwa sababu kutoka zaidi ya kilomita 6,000 tetemeko lao hatulisikii miguuni.

Tulicho nacho sisi ni muda. Wimbi lilichukua saa saba au zaidi kufika Afrika Mashariki, na mwaka ule Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa kutoa tahadhari. Leo upo, na taarifa zake hufika Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwaka 2004 Kenya walisikia habari mapema wakawaondoa watu fukweni. Akafa mtu mmoja. Somalia walikufa watu wapatao 300. Tanzania walikufa wasiopungua 10, wengi wao watoto waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam, hali tetemeko lilikuwa limepiga tangu alfajiri.