Kura ya Nasibu: Maana ya Kuwapata Wawakilishi kwa Bahati

Neno kura lina maana mbili katika Kiswahili, na tunayoihitaji hapa ni ile iliyo kongwe zaidi. Tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako lilitaja kitu kinachorushwa au kuchomolewa ili bahati iamue jambo kati ya watu. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili inasema mitume walipiga kura kumpata wa kujaza nafasi ya Yuda, ikamwangukia Mathiya, na Kurani inasimulia kura iliyopigwa chomboni ikamwangukia Nabii Yunus. Katika visa vyote viwili hakuna aliyejinadi wala aliyehesabiwa waliomuunga mkono. Uchaguzi wa vyama na wagombea ulipoingia, ulilichukua neno hilohilo, na leo mtu akisema anakwenda kupiga kura hatufikirii tena kwamba anakwenda kuiachia bahati iamue.

Maana ya zamani, hata hivyo, haijatoka katika maisha yetu. Kina mama kumi na wawili wanaoanzisha upatu hukaa mkekani, mmoja wao akakata karatasi vipande kumi na viwili, akaandika namba, akavikunja na kuvitia ndani ya kikapu au bakuli, kisha kila mmoja akaokota chake. Aliyepata namba moja hupokea mwezi wa kwanza, aliyepata kumi na mbili husubiri hadi mwisho. Anayeokota namba ya mwisho anaweza kusikitika, lakini hana wa kumlaumu, kwa sababu hakuna mtu aliyempanga pale. Wote walikubali utaratibu kabla ya karatasi kukunjwa, na karatasi zote zilikunjwa mbele ya macho yao. Mambo hayo mawili, yaani ridhaa ya mapema na uwazi wa tendo lenyewe, ndiyo yanayoipa kura ya namna hii heshima yake, na tutayakuta tena tukiingia katika siasa.

Kama dhana ya siasa, kura ya nasibu ni utaratibu wa kuwapata watu wa kushika nafasi ya umma kwa kuwachomoa kutoka katika orodha ya wote wanaostahili, bila kampeni na bila mtu yeyote kuweza kujua mapema nani atachomoka. Haifanani na bahati nasibu ya kubahatisha fedha, ingawa chombo kinachotumika kinaweza kuwa kilekile, kwa kuwa hapa kinachogawanywa ni wajibu, na muda wa wajibu huo kwa kawaida ni mfupi. Pia si kuchagua ovyo. Bahati huanza kazi baada ya watu kukaa na kuamua kwa makini nani aingie katika orodha, nafasi ni ngapi, na aliyechomoka atafanya nini.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni wa Athene ya kale, mji wa Ugiriki. Baada ya mageuzi ya mwanasiasa Kleisthenes ya mwaka 508 kabla ya Kristo, mji huo uliendeshwa kwa msaada wa baraza la watu 500, hamsini kutoka kila moja ya sehemu kumi za kiraia, waliopatikana kwa kura na kukaa mwaka mmoja. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia barazani zaidi ya mara mbili katika maisha yake yote. Kila siku mjumbe mmoja alipatikana kwa kura kuwa mwenyekiti, akashika ufunguo wa hazina na muhuri wa dola kuanzia machweo hadi machweo ya siku ya pili, kisha akarudi kuwa mtu wa kawaida. Kila mwaka tena raia 6,000 waliotimiza miaka 30 walichomolewa ili kuwa akiba ya waamuzi wa mahakama. Nafasi za majemadari, ambazo zilihitaji ujuzi wa vita, Waathene hawakuziachia bahati, bali walizijaza kwa kuchagua.

Kwa mahakama za karne ya 4 kabla ya Kristo walikuwa na chombo maalumu, nacho kinafaa kutazamwa kwa karibu. Ni bamba la jiwe lililosimama, lenye safu za mianya myembamba usoni. Kila raia aliyetaka kuhukumu siku hiyo alikuja na kibao chake kidogo cha shaba au cha mti chenye jina lake, nacho kikatumbukizwa katika mwanya. Pembeni ya jiwe kulikuwa na mrija ambamo zilimiminwa kete nyeusi na nyeupe zilizochanganywa. Kete moja ilipoangukia chini ikiwa nyeupe, mstari mzima wa vibao ulikubaliwa, na ikiwa nyeusi, wote wa mstari ule walichukua vibao vyao na kurudi nyumbani. Asubuhi ile hata wao wenyewe hawakujua nani atakaa katika mahakama ipi, kwa hiyo mwenye kesi hakuwa na mtu wa kumfuata na rushwa jana yake usiku. Vipande vya mawe hayo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Agora, uwanja wa kale wa soko na mikutano, mjini Athene.

Lazima isemwe bila kupunguza neno kwamba usawa huu ulikuwa wa wanaume raia peke yao. Wanawake, watumwa na wageni wakaazi hawakuwa na kibao. Bahati hugawa sawasawa kwa walio ndani ya orodha, na haina la kuwafanyia walioachwa nje. Kwa maoni yangu hilo ndilo fundisho la kwanza la kura ya nasibu, kwamba siasa ya kweli imo katika orodha.

Kwa muda mrefu wasomi walilitazama jambo hili kama kioja. Katika karne ya 19 Fustel de Coulanges, mwanahistoria wa Ufaransa, alishikilia kwamba Waathene walipiga kura kwa sababu ya dini, wakitaka kujua mapenzi ya miungu. Mwaka 1891 Mwingereza James Wycliffe Headlam alichapisha kitabu kizima cha kumpinga, akionyesha kwamba kura ilikuwa nguzo ya utawala wa watu kwa kuwa ilizuia kundi dogo la wenye jina na mali lisijijenge madarakani. Maelezo ya Aristoteles, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yalikuwa yanajulikana tayari: kuwapata viongozi kwa kura huhesabiwa kuwa ni jambo la kidemokrasia, na kuwachagua ni jambo la utawala wa wachache. Montesquieu, mwanafikra wa siasa wa Ufaransa, aliirudia kauli hiyo mwaka 1748.

Mtu aliyeigeuza hoja hii kuwa swali la siasa ya sasa ni Bernard Manin, mwanasayansi ya siasa wa Ufaransa aliyefundisha New York na Paris na kufariki mwaka 2024. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu misingi ya serikali ya uwakilishi aliuliza jambo ambalo karibu kila mtu alikuwa amelipita: imekuwaje, miongo michache tu baada ya Montesquieu kuandika vile, waasisi wa jamhuri za Marekani na Ufaransa wakajenga mabunge bila hata kuijadili kura ya nasibu? Jibu lake ni kwamba fikra mpya ya wakati ule ilidai kila mamlaka itokane na ridhaa ya wanaotawaliwa. Kura ya nasibu inaweza kugawa nafasi kwa haki, lakini haimpi raia tendo la kusema kwamba amemkubali mtu huyu. Manin akaongeza kwamba waasisi hao walitaka wawakilishi wawe bora kuliko waliowachagua, kwa mali, elimu au sifa, na uchaguzi huleta tofauti hiyo wenyewe, kwani hakuna anayempigia mgombea kwa sababu anafanana na kila mtu. Kwa hiyo, kwa hoja yake, uchaguzi una sura mbili, ya kidemokrasia na ya utawala wa wachache, na hazitenganishiki.

Manin alikuwa na shughuli nyingine, iliyokitangulia kitabu hicho. Mwaka 1985 aliandika makala akidai kwamba uamuzi wa umma hupata uhalali kutokana na watu wote kupata fursa ya kushiriki katika mjadala kabla haujafikiwa. Mambo hayo mawili, bahati na mjadala, aliyachunguza kila moja kwa njia yake. Kizazi kilichomfuata ndicho kilichoyaweka katika chumba kimoja: watu wanachomolewa kwa kura, wanapewa taarifa na wataalamu wa kuwahoji, wanajadiliana kwa siku au miezi, kisha wanatoa pendekezo. Ndivyo yalivyo mabaraza ya raia ya siku hizi.

Hapa neno uwakilishi lenyewe linabadilika maana, na ndipo penye uzito wa dhana yote. Mbunge anatuwakilisha kwa kuwa tumemtuma, na tunaweza kumnyima kura mara ijayo. Mjumbe aliyechomolewa hakutumwa na mtu. Anayewakilisha ni kundi zima kwa pamoja, kwa kuwa linafanana na jamii lilikotoka, kama kijiko cha mchuzi kinavyomwambia mpishi habari za sufuria nzima, mradi amekoroga kwanza. Takwimu zinaeleza kufanana huko kwa hesabu. Ukichomoa watu 100 kutoka katika jamii ambayo nusu yake ni wanawake, katika mara 96 kati ya 100 utapata wanawake kati ya 40 na 60, bila mtu kuwatengea nafasi. Tanzania, kwa mfano, hutumia viti maalumu kuongeza wanawake bungeni, njia inayotaja kundi moja kwa jina. Sampuli nasibu haitaji yeyote. Pamoja na wanawake huleta wavuvi, vijana wasio na kazi, wazee na wasiopenda siasa, kwa kadiri ya wingi wao.

Ireland ndiko njia hii ilikofika mbali. Mkutano wa katiba ulioanza mwaka 2012 ulikuwa na watu 100: mwenyekiti, wanasiasa 33 na raia 66 waliochomolewa. Pendekezo lake kuhusu ndoa za jinsia moja lilipelekwa kwa wananchi mwaka 2015 likapita. Baraza lililofuata, la raia 99 na jaji Mary Laffoy kama mwenyekiti, lilijadili sheria ya utoaji mimba, na katika kura ya maoni ya Mei 2018 asilimia 66.4 waliunga mkono mabadiliko. Kwa hiyo wachache waliochomolewa walitafakari kwanza, na taifa zima likapiga kura kwa maana ile nyingine ya neno.

Afrika Mashariki nayo imo katika utafiti huu. James Fishkin, mwanasayansi ya siasa wa Marekani ambaye tangu mwaka 1988 amekuwa akiendeleza njia ya kupima maoni ya sampuli nasibu kabla na baada ya mjadala, alishiriki na wenzake katika jaribio la Tanzania la mwaka 2015. Kutoka katika sampuli ya watu wazima 2,001 wa nchi nzima, kama 400 walialikwa Dar es Salaam kujadili matumizi ya mapato ya gesi asilia. Mwaka mmoja kabla, njia hiyo ilitumika Uganda katika wilaya za Bududa na Butaleja, kwa watu wanaoishi na maporomoko ya ardhi na mafuriko katika ukanda wa Mlima Elgon. Kwa msomaji wa Kiswahili mifano hii ina uzito kuliko ya Ireland, kwa sababu inajibu kwa vitendo dai kwamba mwanakijiji hawezi kujadili sera ngumu.

Udhaifu mkubwa wa utaratibu huu unatokea mlangoni. Barua za mwaliko hutumwa kwa maelfu ya watu walioteuliwa kwa bahati, na wanaokubali huwa sehemu ndogo tu, wengi wao wakiwa wenye elimu na nafasi. Mama anayeuza samaki hawezi kufunga biashara wikendi nzima bila kulipwa. Ndiyo maana waandaaji hulipa posho, nauli na malezi ya watoto, kisha huchomoa mara ya pili kutoka kwa waliokubali, wakizingatia umri, jinsia, elimu na mahali. Kadiri masharti hayo yanavyoongezeka, ndivyo nafasi ya kila mmoja ya kuchomoka inavyozidi kutofautiana na ya jirani yake, na wanasayansi wa kompyuta walichapisha mwaka 2021 mbinu ya kuipunguza tofauti hiyo kadiri inavyowezekana. Hesabu hiyo nzuri haiondoi hitaji la uwazi. Kompyuta isiyoonekana ikifanya kazi yake haina uaminifu wa kikapu kilichowekwa katikati ya mkeka, na waandaaji wanaojali hilo huhakikisha droo ya mwisho inafanyika hadharani.

Swali lililobaki ni la uwajibikaji. Asiyetafuta kuchaguliwa tena haogopi kunyimwa kura, na Waathene walilijua hilo: aliyechomolewa alihojiwa kabla ya kuanza kazi na kukaguliwa hesabu zake baada ya kumaliza. Leo mashaka yameelekea zaidi kwa serikali inayoliita baraza. Ufaransa iliwachomoa raia 150 kujadili tabianchi kati ya 2019 na 2020. Rais Macron aliahidi kuyapeleka mbele mapendekezo yao bila kuyachuja, lakini yalipofika, 149 kwa idadi, alikataa matatu papo hapo, na mengine yalidhoofishwa njiani. Mimi naona kosa halikuwa kwa waliochomolewa, bali katika kutoandikwa mapema nini kitafuata. Jimbo dogo la wasemaji wa Kijerumani nchini Ubelgiji liliandika hilo katika sheria mwaka 2019. Raia 24 waliopatikana kwa kura hukaa miezi 18 na kupanga ni mada zipi zijadiliwe, mabaraza mengine ya raia huzijadili, na bunge la jimbo, likikataa pendekezo lolote, linatakiwa kueleza sababu zake.