Je, Wajua kwa Nini Mtu Hukubali Faida Ndogo ili Kulinda Anachokiamini?

Anayenunua hisa hudhaniwa kuwa anatafuta faida tu, lakini wapo wanaouliza kwanza fedha zao zitakwenda kufanya kazi gani, na swali hilo si la juzi. Mwaka 1758, Waquaker (dhehebu la Kikristo) wa Philadelphia, Marekani, waliamua kwamba waumini wenzao wanaonunua au kuuza watumwa wasishirikishwe tena katika kuendesha mambo ya dhehebu. Mwaka 1971, vita vya Vietnam vikiendelea, ulianzishwa Marekani mfuko wa uwekezaji wa Pax World, unaokusanya fedha za watu wengi na kuwanunulia hisa, kwa ajili ya watu wasiotaka akiba zao zitengeneze silaha.

Mwanasaikolojia Shalom Schwartz alieleza mwaka 1992 kwamba maadili ambayo watu huyatanguliza hupangika kama duara: upande mmoja yapo yanayomvuta mtu awajali watu wote na mazingira, na mkabala wake yapo yanayomvuta atafute mali, cheo na mafanikio yake binafsi. Anayeegemea upande ule wa kwanza ndiye aliye mwepesi wa kuvutiwa na uwekezaji unaowajibika kwa jamii, kwani machoni pake gawio lililotokana na madhara ya wengine lina dosari.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni utafiti wa Arno Riedl na Paul Smeets, uliochapishwa mwaka 2017. Wawekezaji wa Uholanzi walichezeshwa mchezo wa fedha, ambamo mtu hupokea kiasi fulani kutoka kwa mshiriki asiyemjua, kisha huamua mwenyewe amrudishie ngapi. Waliorudisha kwa ukarimu ndio walioelekea zaidi kuwekeza katika mifuko inayowajibika kwa jamii, ingawa wenye mifuko hiyo kwa jumla waliitarajia faida ndogo na walilipa ada kubwa zaidi. Hamu ya kuonekana mwema nayo ilichangia. Binadamu ni binadamu.

Hata hivyo, maadili hayawapeleki watu wote kwenye mfuko mmoja. Chukua duka kubwa ambalo sigara ni sehemu ndogo sana ya mauzo yake. Mifuko mingi huweka kikomo cha mapato ya kampuni yanayotokana na tumbaku, kwa mfano asilimia 5, na duka hilo hupita bila shida. Anayechukia tumbaku kwa sababu ya madhara yake huenda akaridhika na kipimo hicho, ilhali anayeiona kuwa haramu atalikuta jina la duka hilo katika orodha ya hisa ambazo mfuko umenunua, na atauza sehemu yake yote katika mfuko huo.