Chupa ya Damu na Daftari Lisilofutika: Ufafanuzi kwa Wananchi wa Mtwara na Lindi

Kila tunapotaja blokicheini kwenye uhamasishaji wa kuchangia damu, maswali ni yale yale. Damu yetu itauzwa kwa Bitcoin? Majibu yetu ya vipimo yatasomwa na kila mtu? Hapana, yote mawili. Bitcoin ilianza 2009 kwa teknolojia hii, basi. Damu haiuzwi, kwa sarafu yoyote. Ieleweke pia kwamba makala haya yanaelimisha, hayatangazi kuanza kwa mfumo.

Blokicheini ni daftari ambalo kila mhusika aliyeidhinishwa ana nakala yake. Kila ingizo hubeba alama ya lililotangulia, hivyo anayechezea la jana nakala yake haitalingana na za wenzake. Wakulima wa korosho mnaujua ugomvi wa kilo zinazopungua kati ya chama cha msingi na ghala kuu, kila mmoja na karatasi yake, mwishowe unasingiziwa unyaufu.

Damu haina unyaufu. Chembe nyekundu hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 6, kwa siku 35 au 42 kutegemea dawa ya kuhifadhia. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ni siku 5 tu, tena zikitikiswa muda wote. Kwa hiyo kwenye mfumo wa daftari hili, chupa ikitoka Mtwara kwenda Liwale, kila anayeipokea huskani msimbo pau, huandika saa, husoma joto la kisanduku, ndipo anasaini. Joto likizidi kiwango, chupa hutengwa. Hairudishwi kwenye friji eti bado inaonekana nzuri. Aliyekosea kuandika hafuti. Anaingiza sahihisho, sababu na jina lake, msimamizi anaidhinisha, na ingizo la awali linabaki palepale.

Jina lako na majibu ya VVU, homa ya ini B na C na kaswende hayapaswi kuwekwa humo. Kisichofutika hakibebeshwi siri. Kumhusu mchangiaji, daftari hubeba namba ya uchangiaji tu. Mengine hubaki kwenye kanzidata ya benki ya damu. Anayevujisha taarifa hizo anakabiliwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Watumishi mnaoazimana nywila zamu ya usiku, someni tena sentensi hiyo.

Tusidanganyane, daftari haliongezi damu. Wala halijui kama aliyeandika nyuzi 4 aliangalia kipimajoto. Litatunza uongo kwa uaminifu uleule. Ndiyo maana vihisi vinavyorekodi joto vyenyewe ni bora kuliko kalamu.

Ukidaiwa fedha ya damu, leta malalamiko yenye jina la hospitali, wodi, tarehe, na namba ya chupa ukiweza kuiona kwenye lebo. Kuandika "wamekula damu yetu" kwenye kundi la WhatsApp hakutuwezeshi kuitafuta chupa hata moja.