Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili akibadilika tabia, apimwe mwili kwanza

Malalamiko tunayopokea kutoka familia za Ilemela, Sengerema na Ukerewe yanafanana: mtu mzima mwenye ulemavu wa akili akifika hospitali haguswi, haulizwi, mama yake anaambiwa "ndivyo alivyo". Yanashughulikiwa kwa mujibu wa taratibu. Ila na nyumbani kuna la kusema.

Ulemavu wa akili, yaani akili kukua na kujifunza polepole tangu utotoni, si kichaa. Tumelisema mpaka basi, na bado watu wanashushwa kwenye kivuko wamefungwa kamba, moja kwa moja kitengo cha magonjwa ya akili. Mmoja wao, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alikuwa anajipiga makofi shavu la kushoto usiku kucha. Ndugu wakasema mapepo. Alipofunguliwa kinywa, gego limeoza na fizi zimefunika nusu ya meno. Fenitoini, dawa yake ya kifafa, huvimbisha fizi. Gego liling'olewa, makofi yakakoma.

Asiyeweza kusema anaumwa hugoma kula, hupiga watu, hukesha. Tafuteni jino, sikio, choo kigumu, mkojo. Huku kwetu ziwani ongezeni kichocho: dawa yake hugawiwa zaidi mashuleni, na huyu wengi wenu hamkumpeleka shule. Mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri akili na mwili, apimwe tezi ya shingo, macho na masikio mara kwa mara. Akivuka miaka 40 akaanza kupotea njia ya chooni, msimwite mkaidi; ugonjwa wa kusahau huwawahi.

Utaratibu ni huu. Mnaanza zahanati au kituo cha afya, mnapewa rufaa ya hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Barua iwe na muhuri, na jina lifanane na la kwenye kadi ya bima, si "Mtoto wa Mama Fulani". Dharura haisubiri barua. Njooni na pakiti zote za dawa, mitishamba pia, na aje anayelala naye nyumba moja, si aliyepata nafasi siku hiyo.

Kwa watumishi wenzangu: Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi. Mgonjwa aelezwe yeye kwanza, kwa maneno mepesi, kabla ya kugeukia ndugu. Mlalamikaji aandike tarehe, saa na chumba, ampelekee mganga mfawidhi. Asiporidhika, daktari anaweza kushtakiwa Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye mamlaka ya kumfutia usajili.

Na dawa za kifafa zisikatishwe ghafla, iwe kwa kukosa nauli au kwa sababu ameombewa. Kifafa kikipita dakika 5 bila kukoma, tafuteni usafiri hapo hapo.