Kupiga lamineshen barua za zamani: inazitunza kweli?

Wengi tunaamini barua ya babu au shangazi ukiipeleka steshenari wakaipiga lamineshen basi imepona, haichaniki tena na wajukuu wataikuta. Wazo lenyewe si la ajabu, vyeti vya shule si tunavifanyia hivyohivyo.

Shida ni kwamba ile mashine inatumia joto la zaidi ya nyuzi 100 na gundi ya plastiki inayeyuka inashikana na karatasi, ukishapiga ndo basi, kuibandua bila kuichana ni ngumu sana, alafu karatasi nyingi za zamani zina asidi ndani yake na hiyo inaendelea kuila taratibu humohumo ndani ya plastiki.

Ukitaka kuhakiki usijaribie barua. Omba wapige kipande cha gazeti kisha ujaribu kukibandua, utaona mwenyewe, na risiti ya supamaketi (zile zinazochapwa kwa joto) itatoka nyeusi tii.

Kama unataka ya kuning'iniza ukutani toa kopi, hiyo ndo upige lamineshen. Orijino itoe pini zenye kutu, iweke kwenye bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu mbali na jua na mchwa, sio chini ya godoro jamani. Bahasha yake ya zamani pia usitupe, maana mwandishi anaweza kuwa kaandika tu "mimi ni mzima, hofu ni kwenu" bila tarehe, ila muhuri wa posta ukakuonyesha mji na mwaka.