Kuahirisha hedhi kwa vidonge: muulize mtaalamu mapema

Swali hili hutufikia wafamasia dakika za mwisho. Kuna harusi, mtihani, mashindano au safari ya ibada, na hesabu inaonyesha hedhi itaangukia palepale. Ndiyo, inaweza kuahirishwa. Ila anayekuja akiwa ameshaanza kuona damu amechelewa. Vidonge hivi si vya kuikatisha hedhi iliyokwisha kuanza.

Kwa kawaida, yai likishatoka, mwili hutengeneza projesteroni, homoni inayoushikilia utando wa ndani wa mji wa mimba. Mimba isipotungwa, homoni hiyo hushuka, utando hubomoka na damu hutoka. Dawa inayotumika zaidi kuahirisha hedhi ni norethisteroni, ambayo hufanya kazi kama projesteroni. Maadamu unaimeza, utando unabaki ulivyo.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 5 mara tatu kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Tuseme unaitarajia tarehe 20 na shughuli yako inaisha tarehe 24. Unaanza tarehe 17, unameza asubuhi, mchana na usiku bila kuruka, na unaacha tarehe 24 usiku. Hedhi huja siku 2 au 3 baadaye, yaani tarehe 26 au 27, na mzunguko mpya unahesabiwa kuanzia hapo. Dozi ya mchana ndiyo inayosahauliwa sana, na matone ya damu hayakawii kujitokeza. Kwa mwenye mzunguko usiotabirika kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa tarehe 20 yenyewe ni ya kubahatisha.

Anayetumia tayari vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni), kwa kawaida hahitaji dawa nyingine. Akimaliza vidonge 21 vyenye dawa, anaunganisha na pakiti inayofuata bila kupumzika siku 7, au anaviruka vile visivyo na dawa kama pakiti yake ina 28. Wengi huogopa kwamba damu "itajaa tumboni". Haijai popote: kwa mtumiaji wa vidonge hivyo utando hubaki mwembamba, na hakuna kinachorundikana.

Sasa jambo linalotusumbua zaidi: kidonge cha kuazima kwa rafiki. Norethisteroni ikitumika kwa kipimo hiki, sehemu yake hugeuka mwilini kuwa estrojeni, na estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mwanamke mwenye afya njema, kwa siku chache, hatari hiyo ni ndogo. Kwa aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, au mwenye ndugu wa karibu aliyepatwa, hadithi ni nyingine, hasa akiwa na safari ya kukaa kitini saa nyingi. Mwambie mtaalamu pia kama una ugonjwa wa ini, umewahi kuugua saratani ya matiti, unatokwa damu isiyojulikana chanzo, unapata kipandauso kinachotanguliwa na mwanga wa kumetameta machoni, unavuta sigara, unanyonyesha au una presha. Wapo wanaoweza kupewa medroksiprojesteroni, dawa nyingine inayofanya kazi kama projesteroni, badala ya norethisteroni, lakini huo ni uamuzi wa daktari. Taja na dawa unazotumia: rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, hupunguza nguvu ya homoni hizi.

Matiti kuuma, kichefuchefu, tumbo kujaa gesi na hasira za karibu huweza kutokea, na huisha ukiacha dawa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukatika, macho kuona vibaya ghafla au kuwa ya manjano: acha dawa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba haviahirishi hedhi. Huivuruga tu, ingawa wapo wanaovitumia kwa nia ya kuiahirisha. Norethisteroni nayo ikitumika kwa siku hizi chache haizuii mimba, kwa hiyo kondomu bado inahitajika. Kama kuna uwezekano kwamba una mimba, pima kabla ya kuanza. Na ukishaacha vidonge, wiki ikapita bila damu, pima tena.